Alfayo Mpika Bandeji

Kama umewahi kulazwa katika hospitali ile ya Mbale iliyo chini ya mlima Wanale, basi ujue kila kitu kilichokugusa mwilini, kuanzia mkasi hadi pamba, kilipita kwanza mikononi mwa Alfayo Wangila. Na kama uliondoka bila kumshukuru, usijali. Alikwisha kukusamehe zamani, na alikwisha kuwaambia wenzake wote kwamba amekusamehe.

Mzee huyu alikuwa mpishi, ila si wa chakula. Alikuwa anapika vifaa. Chumba chake chenye mtambo mkubwa wa mvuke kilikuwa nyuma ya chumba cha upasuaji, na hospitali nzima ilikiita jikoni. Hata daktari aliyesomea ng'ambo alijikuta anasema kama wengine: mkasi huu umeiva, koleo hili bado bichi, hebu rudisha hiyo pamba kwa Alfayo ikapikwe vizuri. Mgonjwa mgeni akisikia maneno hayo akiwa amelala kitandani, tumbo wazi, alikuwa na haki ya kuogopa.

Alfayo alizaliwa upande wa pili wa mpaka, karibu na Malaba, akavuka akiwa kijana, akaoa Mbale, akabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kimenyooka na kina sauti, na kwa kuwa watu wengi wa mji ule walikijua Kiswahili kwa midomo ya askari, walimbandika jina la Afande. Hakuwahi kushika bunduki hata ya kuchezea. Lakini jina lilimpendeza mno, jamani! Ukimwita Mzee Alfayo aliitika taratibu. Ukimwita Afande, alisimama wima na kuvuta aproni yake nyeupe iliyopigwa pasi.

Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mtambo ule, na katika miaka hiyo alifikia uamuzi kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kutengenezwa kwa mvuke. Siku ya harusi ya binti yake alikataa kula mpaka vijiko vya kukodi vichemshwe upya, wakwe wakiwa wamekaa mezani wanamtazama na wali unapoa. Mke wake alitaka ardhi ipasuke. Yeye alikuwa anatazama saa.

Sasa, kuna kitu kimoja lazima nikueleze, maana bila hicho hutaelewa ujinga uliofuata. Kila kifurushi kinachoingia kwenye mtambo hufungwa kwa utepe maalumu wenye mistari iliyofifia. Kikipata moto wa kutosha, mistari ile inageuka kuwa myeusi. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kukuonyesha kwamba moto umepita. Haikuambii kama kitu kilichomo ndani kilitakiwa kupata moto. Lakini Matron Isabirye, mkuu wa wauguzi, mwanamke mwenye vyeti sita vya semina ukutani na sauti ya kusikika hadi getini, alikuwa ameugeuza utepe ule kuwa dini.

"Kwangu mimi," alikuwa akisema, "kitu haina mistari nyeusi, haifunguliwi. Hata ikitoka mbinguni."

Na Alfayo alimpenda kwa hilo. Walikuwa wanaelewana vizuri sana, hawa wawili, na hakuna kitu cha hatari kama wakubwa wawili wanaoelewana.

Getini pa hospitali palikuwa na Nafuna, binti wa Wanale, muuza chapati. Kila asubuhi Alfayo alipita kwake, akasimama kama mkaguzi, akatazama mkono wa kulia wa Nafuna ukikanda unga, ukisukuma, ukigeuza, ukivunja mayai mawili kwa mpigo na kuyaviringisha ndani ya chapati. Hakumsifu hata siku moja. Alisema tu, "Imeiva," na kwa mtu kama Alfayo hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mkewe.

Jumatatu moja sigiri yake ya makaa iliteleza. Kikaango cha mafuta ya moto kilimwagika juu ya mkono ule ule wa kulia, kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko. Alfayo mwenyewe ndiye aliyemkimbiza wodini, aproni ikipepea, huku anafokea kila mtu kwa sauti ya uafande.

Daktari Mafabi alimsafisha, akampa dawa ya maumivu, akasema wazi: "Moto umeingia ndani, lakini mkono unaweza kupona. Tatizo ni vijidudu. Vikiingia hapa, vidole hivi viwili vya mwisho nitavikata, na sijui nitaishia wapi."

Muuza chapati bila mkono wa kulia ni nani? Nafuna aliuliza swali hilo kwa sauti. Alikuwa na watoto wawili na mama mzee, na wote walikula kutoka kwenye mkono ule.

Lakini alikuwa na bahati, au tuseme bahati ilikuja mlangoni na kukuta wenye hospitali. Mwezi ule ule walikuwa wamepokea maboksi ya bandeji mpya za vidonda vya moto, zilizotengenezwa na kiwanda kidogo cha mtu mmoja aitwaye Bhavesh kule Jinja. Zilikuwa nyembamba, laini, zenye utelezi, na ndani yake mlikuwa na antibiotiki iliyopangwa itoke kidogo kidogo kwa siku tano. Mgonjwa anafungwa mara moja, anaachwa apumzike, dawa inafanya kazi yake polepole kwenye kidonda. Hakuna kubandua bandeji kila asubuhi na mtu akapiga mayowe mpaka njiwa waruke juu ya paa. Kila moja ilikuwa kwenye pakiti yake iliyofungwa kabisa, na juu ya pakiti palikuwa na nukta nyekundu kuonyesha kwamba imekwisha kupitishwa kwenye mionzi na vijidudu vyote vimekufa. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Matron aliikunja mara ya tisa na kuiweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa mfupi.

"Nukta?" alisema Matron. "Nukta ni kitu gani? Mistari iko wapi?"

"Hazina mistari, Matron," alisema Alfayo.

"Basi ni mbichi. Zipike."

Naye akazipika. Alikata pembe ya kila pakiti ili mvuke uingie vizuri, akazifunga kwa kitambaa cha kijani, akabandika utepe, akawasha. Na kwa sababu zilikuwa za Nafuna, akamwongezea dakika kumi za mapenzi. Jumla dakika arobaini. Zilipotoka zilikuwa zimejikunja pembeni na kuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini mistari! Mistari ilikuwa myeusi ti. Alfayo alibeba sinia kwenda wodini mwenyewe, hakumtuma mtu.

Siku ya nne Nafuna alimwita kwa mkono wa kushoto. "Afande, kuja karibu. Nusa."

Alinusa. Miaka ishirini na sita hospitalini, alijua harufu ile ni ya nini. Akatamani awe amekosea, akanusa tena.

"Inanuka, si ndiyo?"

"Kidogo," alisema Alfayo. Ilikuwa inanuka sana.

Daktari Mafabi alifungua, akakunja uso. Akasema anakwenda kwenye semina Kampala, atarudi Jumatatu, na kama hali itakuwa hivi hivi, vidole viwili vitaondoka. Alisema hivyo mbele ya Nafuna, kwa upole, kisha akatafuta mkoba wake. Nafuna alijifunika shuka usoni, akalia kimya kimya.

Matron Isabirye hakulia. Matron aliandika barua. Barua ya kurasa tatu na mihuri minne, ikisema kwamba Jinja wamewaletea karatasi badala ya dawa, kwamba hospitali haitanyamaza, na kwamba mbeba barua, Bwana Alfayo Wangila, mtaalamu wa miaka mingi, atawaonyesha ushahidi. Ushahidi ulikuwa kifurushi cha bandeji zilizopikwa, kikiwa bado kimefungwa. Alfayo alipanda gari Ijumaa alfajiri akiwa amevaa koti la kanisani. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya kufoka.

Kiwanda kilikuwa nyuma ya maduka yale ya zamani katikati ya Jinja, unapita duka la vitambaa, unapita ngazi, unasikia feni. Aliyempokea alikuwa Hemlata, dada yake Bhavesh, ndiye aliyebuni zile bandeji. Mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, kandambili miguuni. Alisoma kurasa zote tatu hadi mwisho. Kisha akafungua kile kifurushi, akaona utepe.

"Mzee," alisema, "ni nani amezipika?"

"Ni mimi!" Alfayo akatoa kifua mbele. "Dakika arobaini, nyuzi mia moja ishirini na moja. Hakuna aliyepika vizuri kuliko hivyo Uganda hii."

Hemlata akavuta kiti, akakaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama Alfayo kama anayetafuta pa kuanzia. Mwishowe hakuanza popote. Alichukua vibakuli viwili vya kioo vilivyotandazwa chakula cha vijidudu, akapaka humo vijidudu vinavyopenda vidonda vya moto, akaweka kipande cha bandeji mbichi kwenye kibakuli kimoja na kipande cha Alfayo kwenye kingine, akavifungia kwenye kabati la joto. "Rudi kesho asubuhi," alisema. "Sitaki ubishane na mimi. Bishana na hivyo vibakuli."

Alfayo alilala kwa binamu yake kijijini Budondo, akala samaki, akajisifu, akarudi Jumamosi asubuhi akiwa na hakika kwamba ataombwa radhi.

Kibakuli cha kwanza kilikuwa na utando wa vijidudu kila mahali, isipokuwa kuzunguka bandeji mbichi. Hapo palikuwa na duara safi, pana, hakuna kilichothubutu kuota. Kibakuli cha pili, salaale! Vijidudu vilikuwa vimefika hadi ukingoni mwa bandeji ya Alfayo, vimeuparamia, na vimeanza kustawi mgongoni.

"Moto umeiua dawa," Hemlata alisema. "Na kidogo kilichobaki, kwa sababu ule utelezi umeharibika, kilivuja chote saa ya kwanza. Siku zote zilizobaki mgonjwa wako alifungwa kitambaa tu."

"Lakini ni safi!" Alfayo alipaza sauti. "Ilipotoka jikoni kwangu haikuwa na kijidudu hata kimoja!"

"Ni kweli, Mzee. Ilikuwa safi kabisa, na haina kazi." Akasogeza vibakuli. "Unafikiri sisi tulipata mionzi ile kwa kubahatisha? Ukizidisha mionzi nayo inaiharibu dawa. Tulihangaika miezi minane kupata kipimo kinachoua vijidudu bila kuua dawa. Miezi minane! Halafu nyinyi mnazitia kwenye sufuria."

Alfayo alitaka kusema si sufuria, ni mtambo. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa anafikiria zile dakika kumi za nyongeza. Hemlata alimpa boksi jipya, akamwandikia kwenye kifuniko kwa wino mzito: MOTO MARUFUKU. Alfayo akalipakata boksi hilo mpaka Mbale, njia nzima.

Matron alimsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, alicheka.

"Kwa hivyo nimekutuma kugombana, umerudi umehubiriwa?"

"Matron, nimeona kwa macho yangu. Vijidudu vimepanda juu ya bandeji."

"Kwenye kibakuli chao! Na vijidudu vyao! Alfayo, umeanza kuzeeka." Akaligusa boksi kwa ncha ya kidole. "Hii kitu haina mistari. Siwezi fungua wodini mwangu kitu mbichi, mgonjwa akifa watauliza nani? Kamati itakaa baada ya wiki tatu. Waambie kamati."

"Daktari anakata vidole Jumatatu."

"Basi kapike."

Ebo! Ungefanya nini wewe? Alfayo alirudi jikoni kwake, akaufunga mlango, akalitazama lile boksi, akautazama mtambo. Hakuwahi kudanganya kwa utepe. Alikuwa amewahi kudanganya kuhusu umri wake, kuhusu kabila la mama yake, na kuhusu mahali alipokuwa Pasaka ya mwaka fulani, lakini utepe, kamwe. Kisha akachukua sinia tupu, akabandika juu yake vipande kumi vya utepe, akalisukuma ndani ya mtambo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapika utepe peke yake. Ulipotoka mweusi, akaubandua, akafunga zile pakiti zilivyo, nzima, pembe hazijakatwa, kwenye kitambaa cha kijani, na kuzungushia utepe ule akisaidia kwa gundi kidogo.

Matron alikitazama kifurushi. Au tuseme aliutazama utepe, kwa maana kitu kingine hakukitazama. Hakuona kwamba pakiti hazijakatwa. Hakuona kwamba bandeji hazijajikunja wala kugeuka rangi. Hazikuwa hata na vuguvugu.

"Unaona sasa?" alisema. "Hizi ndizo zimeiva." Na akamfunga Nafuna mwenyewe.

Jumapili yote Alfayo hakwenda kanisani. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi, kila muuguzi akitoka anamuuliza, "Inanuka?" mpaka wakadhani amechanganyikiwa. Mchana walisema inanuka kidogo. Jioni mmoja akasema, sijui, labda pua yangu imezoea. Jumatatu Daktari Mafabi alifungua mkono ule akiwa amekwisha kupanga chumba cha upasuaji, akainama, akainua macho. Nyama ilikuwa nyekundu, safi. Akaahirisha. Alhamisi akaahirisha tena, na baada ya hapo hakuna aliyetaja kisu. Wiki ya saba Nafuna aliweza kukunja ngumi. Alfayo alikwenda chooni, akalia huko, akanawa uso.

Laiti mambo yangeishia hapo! Lakini Matron Isabirye alikuwa na nafasi ukutani ya cheti cha saba. Alitangaza kwamba siri ya kupona kwa Nafuna ni mapishi: bandeji za Jinja ni dhaifu, lakini ukizipika kwa dakika arobaini zinapata nguvu. Akaomba kutoa mada kwenye mkutano wa wauguzi wa mashariki, ukumbini Jinja. Watengenezaji hawakualikwa, wasije wakaharibu. Akambeba Alfayo kama mtaalamu, na Nafuna kama ushahidi.

Ukumbi ulijaa. Nafuna aliketi mbele, amevaa gomesi, gauni lake la sherehe, mkono wake umewekwa juu ya kitambaa cheupe mezani ili watu wapite na kuutazama. Alifurahi, kusema kweli. Hajawahi kupigwa picha nyingi namna ile. Matron alizungumza kwa nusu saa. Kalamu zilikuwa zinakwenda kasi. Kwenye kiti cha pili kutoka mbele, muuguzi wa kituo cha afya cha Budondo aliandika "dakika 40", akapiga mstari chini yake, akanyoosha mkono.

"Matron, sisi tuna wagonjwa watatu wa moto, mmoja ni mtoto mchanga. Bandeji hizo tunazo ila tulikuwa hatujazipika. Tuanze leo leo?"

"Leo leo," alisema Matron.

Alfayo aliona akilini kile kibakuli cha pili cha Hemlata. Akasimama, akavuta koti.

"Sikuzipika."

Watu wakacheka, maana walidhani ni utani. Matron naye akacheka, meno tu. "Afande wetu anapenda mzaha."

"Sikuzipika!" Sauti ilikuwa ile ya uafande. "Za kwanza nilipika, ndizo zilizomwozesha. Za pili nilipika utepe peke yake. Bandeji nilizifunga hivyo hivyo, mbichi. Ndizo zilizomponya. Msipike! Jamani, naomba msipike."

Hapo hakuna aliyecheka. Matron alishika ukingo wa meza, akasema kwa sauti ndogo ambayo Alfayo hakuwahi kuisikia kwake, kwamba kughushi utepe ni kosa la kufukuzwa kazi. Muuguzi wa Budondo alikuwa bado ameshika kalamu, anamtazama huyu, anamtazama yule, hajui amwamini nani, mwenye vyeti sita au mzee aliyekiri kwamba ni mwongo.

Nafuna alikuwa amegeuka pole pole kwenye kiti chake.

"Afande. Rudia. Wewe ulinifunga kitu mbichi?"

"Ndiyo, mwanangu, lakini sikiliza..."

Akainuka. "Kwenye kidonda changu? Mbichi?"

"Nafuna, ndiyo iliyokuponya!"

"Miaka yote hii unakula kwangu, mimi nimewahi kukupa chapati mbichi?"

"Hujawahi," alisema Alfayo kwa unyenyekevu.

Kofi lilitua shavuni mwake, likasikika mpaka kwa mlinzi wa mlangoni. La mkono wa kulia. Kiganja chote, na vidole vyote vitano, pamoja na vile viwili vya mwisho, vimenyooka na vina nguvu za mtu anayesukuma chapati mia kwa siku. Alfayo aliyumba, akashika kiti, machozi yakamtoka, na kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa pale, alikuwa anatabasamu.

Muuguzi wa Budondo aliutazama mkono ule. Kisha akainama kwenye daftari lake na kufuta "dakika 40".